Kuonja si kunywa

Barabara inayotoka Same hupita Kisiwani, Maore na Ndungu, milima ya Upare ikiwa mkono wa kulia na nyika ya Mkomazi mkono wa kushoto, kabla haijafika Kihurio. Hapa ni tambarare, na joto lake halina mzaha. Kule juu, kwenye ukuta wa milima, watu huamka na sweta. Huku chini mtu ameshaanza kutafuta kivuli kabla ya saa nne. Anayetaka kuandika habari za kuonja wiski, za glasi zilizopangwa mezani na mtu aliyefumba macho akinusa na kutafuta maneno, angeiacha Kihurio mpaka mwisho wa orodha yake. Lakini swali gumu la uonjaji huonekana vizuri zaidi pale ambapo watu wengi hawaonji.

Na wengi hawaonji kwa sababu ya imani. Mwaka 1903 wamisionari wawili waliotoka Ujerumani, Johannes Ehlers na Abraham Enns, walipanda milima ya Upare Kusini wakafungua kituo Giti, huko Mamba, na huo ndio mwanzo wa Kanisa la Waadventista Wasabato katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Vituo vingine vikafuata, Kihurio ikiwa miongoni mwavyo. Aliyetaka kubatizwa aliagana na pombe, tumbaku na nyama ya nguruwe, akaanza kupumzika Jumamosi. Uislamu nao uliingia Upare kwa njia za misafara ya biashara kutoka pwani, ukiwa na jibu lake juu ya vileo, jibu la karne nyingi. Kwa hiyo majirani ambao hawakubaliani juu ya siku ya ibada, wala juu ya Yesu ni nani, wamekuwa wakikubaliana miaka yote juu ya mtungi. Walutheri na Wakatoliki wa wilaya hiyohiyo wana mkono mwepesi zaidi, na si haki kuwasingizia Wapare kwamba wote wamekauka makoo. Dengelua ipo.

Dengelua ni pombe ya miwa. Miwa hukamuliwa, maji yake huachwa yachachuke, na ladha yake huenda na saa: ikiwa changa ni tamu na laini, ikikaa inakuwa kali, ikikaa zaidi inaelekea siki. Mnywaji wake huijua siku yake kwa funda la kwanza, bila kitabu na bila glasi maalumu. Zamani pombe ilikuwapo kwenye mahari, kwenye kupatanisha waliogombana na kwenye tambiko, ambako wafu nao walimiminiwa sehemu yao ardhini. Mmisionari Ernst Kotz, aliyetoa sarufi ya Chasu, lugha ya Wapare, mwaka 1909, alichapisha mwaka 1922 kitabu juu ya mila za Wapare, akakipa kwa Kijerumani jina lenye maana ya watu waliofungwa na hofu. Jina hilo lafaa kutazamwa mara mbili. Wamisionari hawakuwa na ugomvi na muwa. Kilichowakera zaidi, ukisoma jina hilo vizuri, ni ule mduara: nani anakaa na nani, nani anamiminiwa kwanza, na mzimu gani unaitwa kwa kibuyu kipi. Pombe ilikuwa ushirika kabla haijawa kinywaji, na kanisa jipya lilikuja na ushirika wake.

Hapo ndipo swali linapoanza. Kiswahili kina methali mbili zinazogombana juu yake. Moja inasema utamu wa ngoma uingie ucheze. Anayetazama kutoka uani hajui kitu. Nyingine inasema mchovya asali hachovyi mara moja. Aliyeingia kucheza hatoki tena. Mzee wa Kihurio aliyezaliwa katika nyumba ya Kisabato, akabatizwa, akazeeka bila tone la kileo kupita kooni mwake, anaposema wiski ni kitu kibaya, je, anasema jambo analolijua? Na yule wa mjini anayetofautisha kisiwa na kisiwa kwa pua, anayetaja umri wa pipa kama mtu anavyotaja umri wa mwanawe, anajua nini hasa ambacho mzee huyo hakijui?

Swali hili lina historia yake, tena historia yenye rangi ya ngozi. Chini ya ukoloni Mwafrika wa Tanganyika alizuiwa kwa miaka mingi kunywa vileo vikali, kufuatana na mikataba ya kimataifa kama ule wa Brussels wa 1890. Wiski ilikuwa ya Mzungu, ya baraza la jioni. Aliyeijua kwa karibu bila kuinywa alikuwa mtumishi wa nyumbani: aliyebeba trei, aliyefungua chupa, aliyejua bwana hupenda soda kiasi gani, aliyesikia harufu yake kwenye glasi alipokuwa akiiosha. Mtu huyo alijua bei yake, harufu yake, rangi yake, na alijua vizuri kuliko bwana mwenyewe jinsi bwana alivyokuwa baada ya glasi ya nne. Ladha tu ndiyo aliyokatazwa na serikali. Mtumishi huyu atarudi tena baadaye, akiwa na nguo nyingine.

Wiski yenyewe, kwa kinywaji kinachokataliwa na dini, ina wazazi wa dini. Hati za hazina ya mfalme wa Uskoti za 1494 zinamtaja mtawa mmoja, John Cor, aliyepewa shayiri ya kimea ili atengeneze maji ya uhai. Jina la wiski limetokana na maneno ya Kigaeli yenye maana hiyohiyo. Mtungi wa kukenekea, alambiki, una jina lililotoka katika Kiarabu, na neno alkoholi nalo lina asili ya Kiarabu, katika neno lililotaja wanja wa macho. Mtawa wa Kikristo, basi, alipika kwa chombo chenye jina la Kiarabu kitu ambacho Muislamu hakinywi na Msabato hakigusi. Kanuni ya msingi haina siri. Wapikaji wa gongo wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri, ingawa Tanzania inawazuia kwa sheria ya mwaka 1966. Unachemsha kilichochachuka, mvuke wenye kileo unatangulia kupanda kuliko maji, unaupoza, unadondoka.

Tofauti kubwa huja baada ya hapo. Gongo hunywewa ikiwa bado na joto la moto. Konyagi, inayotengenezwa Dar es Salaam kutokana na molasi ya miwa, ina kileo cha asilimia 35 na haidai umri. Wiski ya Uskoti hairuhusiwi kuitwa jina hilo mpaka ikae ndani ya pipa la mwaloni miaka isiyopungua mitatu, na iingie chupani ikiwa na asilimia 40 au zaidi. Pipa hupumua. Kila mwaka asilimia kama 2 ya kilichomo hupotea hewani, na Waskoti huiita sehemu hiyo fungu la malaika. Kwa hesabu hiyo, pipa la miaka 12 limekwisha kutoa zaidi ya moja ya tano ya kilichokuwamo. Katika nchi za joto malaika wana kiu zaidi: Bangalore, India, wanaotengeneza wiski hupoteza asilimia 10 na zaidi kwa mwaka. Pipa hilo likiachwa kwenye joto kama la Kihurio miaka 12, malaika wangekunywa zaidi ya theluthi mbili. Isipokuwa malaika wa Kihurio wawe Wasabato, na hapo pipa lingebaki limejaa pomoni.

Sasa waje waonjaji wenyewe. Watu wengi wakisikia mtu ameajiriwa kuonja wiski huona wivu, wakidhani mshahara wake ni ulevi wa bure. Kazi haiko hivyo. Mchanganyaji mkuu wa kiwanda hukaa asubuhi na sampuli kwa makumi, kila moja imepunguzwa kwa maji hadi kileo kibaki karibu asilimia 20, na kazi yake kubwa huifanya kwa pua. Glasi ina umbo la tulipu ili harufu ijikusanye juu. Anainusa mdomo ukiwa wazi kidogo, anaiweka, anarudi, anaandika. Richard Paterson, aliyekuwa mchanganyaji mkuu wa Whyte & Mackay ya Glasgow, alipewa jina la utani la Pua, na pua hiyo ikakatiwa bima ya mamilioni ya dola. Hakuna aliyekata bima ya koo lake. Wanapolazimika kutia mdomoni, wengi huzungusha kisha wakatema.

Hili si jambo dogo kwa swali letu. Waamuzi wakubwa kabisa wa wiski duniani huiamua, kwa sehemu kubwa, bila kuinywa. Ulevi ni adui wa kazi yao. Glasi ya tatu ikimezwa, pua inaanza kusamehe makosa. Mtu anayejua wiski kuliko wote, akiwa kazini, anakaribia kufanana na mtu aliyekula kiapo cha kutokunywa.

Katika habari za ladha, mtu mmoja haepukiki, naye ni Mskoti. David Hume aliandika mwaka 1757 insha juu ya kipimo cha ladha, akauliza kama kuna haki na makosa katika mambo haya, au kila mtu na ulimi wake. Alisimulia kisa alichokichukua katika hadithi ya Don Quixote. Watu wawili wa ukoo mmoja waliitwa waonje divai ya pipa moja. Wa kwanza akasema ni nzuri, ila ina kaladha ka ngozi. Wa pili akasema ni nzuri, ila ina kaladha ka chuma. Walichekwa wote wawili. Pipa lilipokauka, chini kabisa ulionekana ufunguo mkuukuu uliofungwa kamba ya ngozi. Hoja ya Hume ni kwamba ulimi mzuri huhisi kilichomo kweli, na siku moja pipa huweza kumwagwa mbele ya mashahidi. Aliongeza kwamba mwamuzi mzuri anahitaji mazoezi, kulinganisha, akili timamu na kutokuwa na upendeleo. Ukiondoa divai, sifa hizo nne zingeweza kuwa za kadhi au mzee wa baraza.

Tatizo ni kwamba mapipa mengi hayana ufunguo. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa, Frédéric Brochet akiwa mmoja wao, walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa Bordeaux. Wanafunzi 54 wa elimu ya divai walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Macho yalikuwa yameuambia ulimi la kusema. Watengenezaji wa wiski wanaujua udhaifu huo: sheria ya Uskoti inawaruhusu kuongeza rangi ya karameli, na mnywaji huona hudhurungi iliyokolea akadhani anaona umri. Kwa hiyo anayejivunia ulimi wake na awe mpole kidogo. Kati ya anachoonja na anachoambiwa na chupa, mpaka ni mwembamba.

Lakini yale yaliyomo kweli yana majina ya kikemia, na hapa Kihurio inarudi kwenye hadithi. Wiski ya kisiwa cha Islay hunuka moshi na dawa, kwa sababu shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa tabaka za mimea iliyoozea ardhini maelfu ya miaka, ambazo hukatwa kama matofali na kuchomwa kama kuni. Moshi huo huacha fenoli. Mpare anayewajua jirani zake Wamaasai anakijua kibuyu cha maziwa kinachosafishwa kwa kijinga cha moto, na jinsi maziwa yanavyotoka na moshi ndani yake. Pipa la mwaloni hutoa vanila, na hutoa pia kampaundi iitwayo laktoni, ambayo pua ya mtu wa pwani ingeitambua mara moja: inanukia nazi. Pipa lililowahi kukaa divai tamu ya Kihispania huacha harufu ya zabibu kavu, ileile inayosikika kwenye pilau ya sikukuu.

Na ule mwako wa kooni? Kileo huamsha kipokezi kilekile cha mishipa ya fahamu kinachoamshwa na pilipili na tangawizi, kipokezi ambacho kazi yake ya kawaida ni kuuambia mwili kwamba kuna kitu cha moto. Sasa, tangawizi ni zao linalotangaza jina la Mamba na Myamba, milima ileile walikopanda Ehlers na Enns. Bibi wa Kisabato anayekoroga chai ya tangawizi iliyopondwa vizuri, akanywa, jasho likamtoka puani, amewasha mtambo uleule ambao wiski huuwasha. Waonjaji wa Uskoti huandika katika daftari zao maneno ya maua ya nyika zao na samaki wao wa moshi, na msomaji wa Tanzania huona ni elimu ya ajabu. Wangezaliwa Upare wangeandika kibuyu, nazi na tangawizi, na wangekuwa sahihi vilevile.

Hume, akiwa bado kijana, katika kitabu chake cha 1739, aliuliza jambo linalofaa kuletwa hapa. Mtu ameona kila kiwango cha rangi ya buluu isipokuwa kimoja. Ukimpangia zote kutoka iliyokolea hadi iliyofifia na kuacha pengo pale pasipokuwapo ile moja, je, hawezi kuijaza kwa fikra yake? Hume alidhani anaweza. Kwa kipimo hicho, mzee wa Kihurio ana majirani wengi wa wiski mdomoni mwake: moshi, nazi, zabibu kavu, mwako wa tangawizi, uchachu wa kilichochachuka. Pengo lake si pana kama mlevi wa mjini anavyodhani. Anakosa namna vitu hivyo vinavyokaa pamoja, na hilo si kidogo. Anayejua mchele, nyama na bizari kila kimoja peke yake bado hajala pilau. Hata hivyo kumwambia kwamba hajui kitu ni kiburi cha mtu aliyelipia chupa ghali.

Bado kuna kitu kimoja ambacho tangawizi haitoi. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na ambaye jina lake linaheshimiwa katika madrasa za pwani, alisimulia katika kitabu chake cha kutoka upotevuni jinsi alivyosoma vitabu vya masufi akagundua kwamba kilichobaki hakisomeki, kinaonjwa. Mfano aliouchagua unashangaza kwa mwanachuoni wa Kiislamu: ulevi. Kujua maana ya ulevi, alieleza, na kuwa mlevi ni mambo mawili. Mlevi hajui maana ya ulevi, na mwenye akili timamu anayeijua maana hiyo hana hata chembe ya ulevi. Ghazali alitaka kusema kwamba kumjua Mungu kwa hoja ni kama kujua maana, na kumwonja ni kitu kingine. Zaburi ya 34 nayo inawaalika watu wauonje wema wa Bwana, na Qur'ani inayasema mauti kuwa kitu ambacho kila nafsi itakionja. Dini zinazoogopa glasi zilipotafuta neno la elimu ya ndani kabisa, zilikwenda kuliazima mdomoni.

Hata hivyo mfano wa Ghazali una makali pande zote mbili. Kama mlevi hajui ulevi ni nini, basi aliyeingia kucheza ngoma si shahidi mkuu wa kila jambo linalohusu ngoma. Kuna elimu inayopotea kwa kuingia. Mke anayesubiri mshahara mwisho wa mwezi, mtoto anayejua kwa mlio wa kitasa kwamba baba amerudi vipi, mchungaji anayeitwa saa nane za usiku, hao wote wana elimu ya pombe ambayo mwonjaji hana. Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku viroba, vile vifuko vya pombe kali, kuanzia Machi 1, 2017, mjadala ulihusu vijana, bei na takataka. Ladha haikuwa hoja. Na wale zaidi ya 100 waliokufa Nairobi mwezi Novemba 2000 baada ya kunywa pombe haramu yenye methanoli hawakuonywa na ulimi wao. Methanoli mdomoni hufanana na kileo cha kawaida. Ulimi, kwa ufundi wake wote, ulinyamaza pale ulipohitajika.

Mwonjaji atajibu kwamba yeye hazungumzii viroba. Yeye huonja, halewi. Jibu hilo lina ukweli, na lina ujanja. Ukweli ni ule wa mchanganyaji mkuu anayetema. Ujanja ni kwamba wengi wanaojiita waonjaji hawatemi. Toti sita za kulinganisha ni toti sita, hata zikiandikwa daftarini. Hadithi za Mtume zimelifunga pengo hilo mapema kwa kuhukumu kichache kwa kipimo cha kingi: kitu kikilevya kwa wingi, tone lake nalo limekatazwa. Msabato hufika hapohapo kwa njia nyingine, kwa kuuona mwili kuwa hekalu na kwa kutomwamini mtu anayesema ataishia moja. Wote wawili wanaiamini ile methali ya asali. Pengine kosa lao, kama ni kosa, ni kuwahukumu watu wote kwa yule asiyeweza kuacha. Lakini sheria ya kijiji haitungwi kwa ajili ya Pua ya Glasgow peke yake.

Injili ya Yohana ina kisa cha uonjaji kinachojulikana na kila mtoto wa Shule ya Sabato, na mara nyingi watu hukipita haraka kukimbilia muujiza. Kwenye arusi ya Kana divai imekwisha. Maji yanatekwa, yanapelekwa kwa mkuu wa meza. Anaonja. Hajui kilikotoka, hajaona mitungi, hana chupa ya kumdanganya macho. Ni uonjaji wa upofu kama ule ambao watafiti wanautamani. Anasema hii ni bora kuliko ya kwanza, na anashangaa, kwa kuwa desturi ni kutoa nzuri kwanza na hafifu baadaye, watu wakishakunywa vya kutosha. Yaani mkuu wa meza alijua kwamba aliyekunywa sana haonji tena. Waadventista husoma kwamba ilikuwa maji ya zabibu yasiyochachuka, kama mwandishi wao Ellen White alivyoandika mwaka 1898. Wengine husoma divai kamili. Mabishano hayo ni ya zamani na hayataisha leo.

Kinachovutia ni watu wawili katika kisa hicho. Mkuu wa meza alijua ubora na hakujua asili. Watumishi walioteka maji walijua asili, na Yohana hasemi kama walionja. Hao ndio jamaa wa yule mtumishi wa baraza la Mzungu: walibeba, walimimina, walijua, na glasi haikuwa yao. Elimu ya arusi ile iligawanywa vipande viwili, hakuna mmoja aliyekuwa nayo yote, na mwandishi wa Injili hakumdharau yeyote kati yao. Kama kuna kejeli, imemwangukia yule mwenye ulimi mzuri, anayempongeza bwana arusi kwa divai ambayo bwana arusi hakuinunua.

Katika wilaya ya Same vipande hivyo viwili hukaa mtaa mmoja. Wasabato hushiriki Meza ya Bwana mara chache kwa mwaka, kwa kawaida kila robo mwaka, kwa maji ya zabibu ambayo hayajachachuka. Parokia ya Kikatoliki huadhimisha misa kwa divai halisi. Msikitini hakuna kikombe. Lakini msikiti una jambo lake la kuonja, nalo hutokea jikoni, mwezi wa Ramadhani, saa ambayo jua linaelekea kuzama nyuma ya milima na Kihurio inaingia kivulini kabla ya wakati wake.

Mama mwenye saumu anapika futari. Ndizi zimeshuka kutoka mlimani, nazi imetoka Tanga, sufuria inatokota, na hajui kama chumvi imetosha. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, wanasema kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema hakuvunji saumu, maadamu hakuna kilichoshuka kooni. Bila haja ni makuruhu. Mpishi ana haja. Kwa wiski ruhusa hiyo haipo, kwa kuwa kwao kileo ni najisi hata kwenye ncha ya ulimi, lakini kwa mchuzi wa nazi ipo. Wapo wanaoitumia. Wapo wasiotaka kuihatarisha saumu ya kutwa nzima kwa ajili ya chumvi, nao humwita mtoto ambaye hajafikia umri wa kufunga.

“Hebu njoo uonje hapa, mwanangu.”

Mtoto anapuliza kijiko, anafumba macho, anameza.

“Bado, mama.”

Mama anaongeza kwa vidole viwili, anakoroga, anamchotea tena.

“Na sasa?”

“Sasa imekolea.”

Anafunika sufuria, anaiepua motoni.